Kipya kinyemi, lakini injini ikifa je?

Gari la mbio ambalo bado linanuka upya halitarajiwi kuzima njiani. Hata hivyo huzima, na mengine yamewahi kushika moto. Mwandishi wetu anaeleza sababu zake na yale ambayo familia yenye gari, liwe jipya au mtumba, inafaa kujua kabla ya mkasa.

WAHENGA walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenye gari jipya hulifuta vumbi kila asubuhi hata kama vumbi lenyewe halipo. Akienda dukani huliegesha mbali na mengine lisije likakwaruzwa na mlango wa jirani. Watoto huamriwa kukung'uta viatu kabla ya kuingia, na ole wake atakayemwaga soda kwenye kiti.

Gari hilo likiwa ni la mbio, la milango miwili na injini yenye mngurumo wa simba, mambo huzidi. Mtaa mzima hujua saa ambayo mwenyewe anatoka na saa anayorudi. Vijana wa shule husimama kando ya barabara kulitazama likipita, kila mmoja akiapa kimoyomoyo kwamba siku moja naye atalishika usukani.

Sasa hebu fikiria, ndugu msomaji, kwamba gari hilo lina miezi minne tu tangu litoke dukani. Siku moja mwenyewe anasikia mlio ambao hajawahi kuusikia, mfano wa nyundo ndogo inayogonga chuma. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Kabla hajajua la kufanya, injini imezima na moshi unafuka. Deni la benki bado halijalipwa hata robo.

Wengi wetu huamini kwamba kufa kwa injini ni maradhi ya uzee, jambo la yale magari yaliyochakaa yanayosukumwa na makanga kila asubuhi. Ukweli ni kwamba hata injini changa hufa, na aghalabu zile zenye nguvu nyingi ndizo hufa kwa kishindo. Kisa kilichowapata wenye gari la Porsche 911 GT3 mnamo 2014 chatosha kuwa funzo.

MAGARI 785 YALIYOAMRIWA KUSIMAMA

Kampuni ya Porsche ya Ujerumani haihitaji kutambulishwa kwa Wakenya wapendao mashindano ya magari. Katika Safari Rally ya 1978, dereva wetu Vic Preston Mdogo alimaliza wa pili akiendesha Porsche 911. Mwaka wa 2011, Björn Waldegård wa Uswidi alishinda mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Ni gari lililokula vumbi la nchi hii likasifika.

Mnamo Machi 2013, katika maonyesho ya magari ya Geneva nchini Uswisi, kampuni hiyo ilizindua toleo jipya la GT3. Mwaka huo 911 ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu ionyeshwe mara ya kwanza, kwa hivyo macho ya wengi yalikuwa kwake. Injini yake ilikuwa ya lita 3.8, yenye mitungi sita na nguvu za farasi 475. Ilifikia kasi ya kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.5 tangu kuanza kusonga, na kasi yake ya mwisho ilikuwa kilomita 315 kwa saa. Bei yake nchini Marekani ilianzia zaidi ya dola 130,000. Kwa thamani ya shilingi wakati huo, hizo zilikaribia Sh11 milioni kabla ya ushuru wowote.

Wenye bahati walianza kukabidhiwa magari yao. Muda si muda, mapema 2014, furaha iligeuka kuwa hofu. Magari mawili yalishika moto barani Ulaya, moja Uswisi na jingine Italia. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini picha za gari la mamilioni likiteketea kwenye lami zilienea duniani kote.

Mwezi wa Februari mwaka huo, Porsche ilichukua hatua ambayo si kampuni nyingi huthubutu kuichukua. Iliwaambia wenye magari yote 785 ya toleo hilo yaliyokuwa yamekwisha kukabidhiwa wanunuzi wasiyaendeshe tena, hata kwa safari ya kwenda gereji. Kampuni yenyewe ingetuma magari ya kuyabeba kutoka nyumbani kwa wenyewe. Mauzo ya mengine yakasimamishwa.

Mwezi uliofuata, Machi 2014, jibu lilipatikana. Wahandisi walikuwa wamezifungua zile injini zilizoharibika na kugundua kwamba bolti za mkono wa pistoni, ule ambao mafundi wetu huuita konrodi, zilikuwa zimelegea. Konrodi iliyolegea ilitoboa kasha la injini. Oili ikamwagika penye joto kali, ikashika moto.

Porsche haikusema itakaza bolti na kuwarudishia watu magari yao. Ilitangaza kwamba magari yote 785 yatawekwa injini mpya kabisa, zenye bolti zilizoboreshwa. Ndiyo, hata yale ambayo hayakuwa yameonyesha dalili yoyote. Baadaye tena, injini za toleo hilo zilipoonyesha matatizo mengine ya kulika kwa sehemu zinazosukuma vali, kampuni iliongeza muda wa dhamana ya injini hizo hadi miaka kumi.

BOLTI MOJA YAWEZAJE KUUA GARI?

Mwanafunzi aliyemaliza somo la fizikia katika shule ya upili anaweza kulielewa jambo hili vizuri kuliko baba yake mwenye gari.

Ndani ya kila mtungi wa injini mna pistoni inayopanda na kushuka. Konrodi ndiyo inayoiunganisha pistoni hiyo na krankshafti, ile shafti kuu inayozunguka na hatimaye kuyageuza magurudumu. Upande wa chini wa konrodi umekatwa vipande viwili vinavyoishika shafti kama viganja viwili vya mikono, na viganja hivyo hufungwa kwa bolti mbili.

Injini ya GT3 ile iliweza kuzunguka mara 9,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60 nawe utapata mizunguko 150 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba kila pistoni hupanda na kushuka mara 150 kabla hujamaliza kutamka neno "Nairobi". Kila inapofika juu husimama, kisha huvutwa kwa ghafla kurudi chini. Mzigo wa mvuto huo hubebwa na zile bolti mbili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na kasi. Huongezeka kwa mraba wake. Ukizidisha mizunguko ya injini mara mbili, bolti zitavutwa kwa nguvu mara nne. Ndiyo sababu gari la kawaida ambalo halizidishi mizunguko 3,000 katika safari ya kwenda kazini laweza kudumu miaka 20, ilhali gari la mbio halivumilii kosa hata dogo la kiwandani.

Bolti ikilegea unywele mmoja tu, konrodi huanza kucheza. Ikicheza hugonga. Ikigonga huipanua ile nafasi, na bolti huzidi kulegea. Hatimaye hukatika, na chuma chenye kasi ya ajabu hutafuta njia ya kutoka. Kasha la injini ni la aluminiamu, nalo hutoboka kama kopo la maziwa.

Adui mwingine ni ukosefu wa oili. Sehemu za ndani ya injini hazigusani chuma kwa chuma. Kati yake huwa na utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Oili ikikosekana, au njia zake zikiziba, beringi za konrodi husagika kwa dakika chache, na katika injini inayozunguka kwa kasi kubwa huwa ni suala la sekunde.

HAIKUWA PORSCHE HIYO PEKE YAKE

Isije ikadhaniwa kwamba tunaionea kampuni moja. Miaka ya mwanzo ya karne hii, magari ya BMW M3 yaliyoundwa kati ya 2001 na 2003 yalikumbwa na tatizo la beringi za konrodi. Kampuni ilizibadilisha beringi hizo bila malipo, na nchini Marekani ikaongeza dhamana ya injini hadi miaka sita au maili 100,000.

Mazda nayo ilitoa gari lake la RX-8 mwaka wa 2003. Injini yake haikuwa na pistoni bali rota yenye pembe tatu inayozunguka. Lilisifiwa kwa wepesi wake, lakini injini nyingi zilidhoofika mapema. Nchini Marekani, Mazda ililazimika kuongeza dhamana ya kiini cha injini hadi miaka minane au maili 100,000.

Kabla ya hapo, Porsche za aina ya Boxster na 911 zilizotengenezwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 hadi 2005 zilijulikana kwa beringi ndogo ya shafti ya kati ambayo ikivunjika huharibu injini nzima. Wenye magari hayo nchini Marekani walikwenda mahakamani kwa pamoja, na mwaka wa 2013 kampuni ikakubali kuwafidia baadhi yao.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi ambao Porsche tunaiona tu ikipita? Subiri kidogo.

YA SUBARU YATUHUSU MOJA KWA MOJA

Gari la mbio la Mkenya wa kawaida ni Subaru. Kijana akipata kazi nzuri, ndoto yake ya kwanza ni Impreza, na akioa huhamia kwenye Forester ili apate nafasi ya mtoto. Ukitaka ushahidi, simama kando ya Thika Road jioni ya Ijumaa utege masikio.

Mnamo Novemba 2018, kampuni ya Subaru ilitangaza kwamba magari yapatayo 400,000 duniani yarudishwe kwa marekebisho. Yalikuwa yametengenezwa miaka ya 2012 na 2013, yakiwemo Impreza, Forester na lile la mbio la BRZ, pamoja na pacha wake Toyota 86 lililoundwa na kiwanda hicho hicho. Springi za vali zilikuwa na hitilafu, na zingeweza kuvunjika na kuizima injini gari likiwa mwendoni.

Marekebisho yenyewe hayakuwa madogo. Ilibidi injini itolewe na kufunguliwa, kisha ifungwe tena kwa gundi maalumu ya kuzuia oili isivuje. Baadhi ya wenye magari nchini Marekani walilalamika kwamba injini zao zilikufa baada ya marekebisho hayo. Walidai kwamba mafundi walipaka gundi kupita kiasi, mabaki yakaanguka ndani na kuziba njia za oili. Dawa ikawa imezua ugonjwa mwingine.

Hapa Kenya sheria huruhusu kuagizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi umri wa miaka minane. Hii ina maana kwamba gari la 2012 au 2013 liliweza kuingia bandarini Mombasa kihalali hadi mwisho wa 2019 na 2020. Mnunuzi wa kwanza huko Japani ndiye aliyeandikiwa barua na kampuni. Wewe uliyelinunua kutoka yadi ya Nairobi hukuandikiwa barua yoyote, wala hujui iwapo yule wa kwanza aliitikia mwito au aliliuza gari lilivyo.

Kwa bahati nzuri kuna njia ya kujua. Kila gari lina nambari ya chesisi, nayo huandikwa kwenye hati ya umiliki. Kampuni kubwa za magari zina ukurasa kwenye intaneti ambapo nambari hiyo huandikwa na majibu kutolewa papo hapo: gari hili liliitwa lirudishwe au la, na lilirekebishwa au bado. Waweza pia kumpelekea wakala rasmi wa kampuni hiyo nambari yako. Hakuna gharama, na ni kazi ya dakika kumi. Ifanye kabla ya kulipa arubuni, si baada.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Injini chache hufa bila kuaga. Kwa kawaida hutoa ishara, ila dereva huwa ameongeza sauti ya redio.

Dalili ya kwanza ni mlio. Injini ikinoki, yaani ikigonga kwa mdundo unaoongezeka unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachilia, usijiambie kwamba utaipeleka kwa fundi mwisho wa mwezi. Mlio mzito kutoka chini ya injini ni wa beringi au konrodi, nao haujiponyi.

Dalili ya pili ni ile taa nyekundu yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone. Watu wengi hudhani inamaanisha oili imepungua kidogo. Sivyo. Inamaanisha kwamba oili haisukumwi kwa nguvu inayotakiwa, na kila sekunde injini inapoendelea kuzunguka inajitafuna.

Ya tatu ni unywaji wa oili. Magari mengi ya mbio hunywa oili hata yakiwa mapya, hasa yale yenye taboo. Kijiti cha kupimia kisipotazamwa kila wiki, kiwango chaweza kushuka hadi pampu ikavuta hewa gari linapokata kona kali. Oili unayomwaga gereji nayo itazame. Ukiona chembechembe zinazong'aa kama mchanga wa dhahabu, hizo si dhahabu. Ni beringi zako.

Halafu kuna suala la kulea injini changa. Vitabu vya mwongozo vya magari ya mbio humtaka dereva asiipandishe injini mizunguko ya juu katika kilomita elfu moja au zaidi za kwanza. Aidha, injini isikanyagwe kabla oili haijapata joto. Aliyenunua gari jana na leo anataka kuwaonyesha marafiki uwezo wake kwenye barabara ya Southern Bypass anajichimbia kaburi la pesa, mbali na kuhatarisha roho za wenzake.

LIKIZIMA NJIANI UFANYE NINI?

Mkasa ukitokea, mambo haya yatakuokoa.

Mosi, zima injini. Taa ya oili ikiwaka au mlio mkali ukisikika, teleza hadi kando ya barabara, washa taa za hatari na uzime mara moja. Usiseme utafika kituo cha petroli kilicho mbele. Kilomita hizo mbili ndizo tofauti ya kubadilisha beringi na kununua injini nzima.

Pili, toa watu kwanza. Abiria, hasa watoto, washuke upande usio na magari na wasimame mbali nyuma ya ukingo wa barabara. Weka kile kibao cha pembe tatu cha onyo nyuma ya gari, mbali ya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kukwepa.

Tatu, ukiona moshi mzito au miali ya moto, usifungue boneti. Hewa itakayoingia itauchochea moto. Ondokeni wote, piga simu ya dharura 999 au 112, na msimruhusu mtu yeyote kurudi kuchukua mkoba. Kumbuka kwamba katika magari kama Porsche 911, injini iko nyuma, na dereva huenda akachelewa kuuona moto huo.

Nne, usijaribu kuliwasha tena "kuona kama litashika". Wala usikubali wapita njia walisukume. Kama konrodi imelegea, jaribio hilo moja ndilo litakalotoboa kasha.

Tano, libebwe juu ya lori la kubebea magari, lisivutwe kwa kamba. Magari mengi ya kisasa yasiyo na klachi ya mguu, na yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, huharibika giaboksi yakiburutwa magurudumu yakiwa chini.

Sita, andika. Saa ngapi, barabara gani, kilomita ngapi, taa zipi ziliwaka, mlio ulikuwaje. Piga picha za dashibodi na za oili iliyomwagika. Wakati huo hutaona umuhimu wake, lakini miezi mitatu baadaye picha hizo ndizo zitakazokutetea.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo penye kizaazaa. Gari likiwa bado lina dhamana ya kampuni, usimruhusu fundi mwingine yeyote, hata awe hodari namna gani au awe binamu yako, kuifungua injini. Siku atakapolegeza bolti ya kwanza, wakala atasema uharibifu ulifanywa na yeye.

Ujue pia kwamba kompyuta ya gari haisahau. Katika magari mengi ya mbio huhifadhi rekodi ya kila mara injini ilipozungushwa kupita kiwango chake, kwa mfano dereva aliyekusudia kuingiza gia ya nne akaingiza ya pili. Wakala huisoma rekodi hiyo kwanza kabla ya kukujibu. Kama uliendesha kwa adabu, rekodi hiyo hiyo ni shahidi wako. Omba nakala yake. Omba na ripoti ya maandishi inayoeleza chanzo cha hitilafu, wala usiridhike na maneno ya mdomo kwamba "injini ililemewa".

Risiti za huduma ni jambo jingine. Wengi huanza kukwepa gereji rasmi baada ya mwaka mmoja kwa sababu ya gharama, wakabadilishiwa oili mahali pasipotoa risiti. Siku ya madai hawana la kuonyesha. Weka faili moja nyumbani, kila risiti iingie humo.

Bima nayo isikupe matumaini ya uongo. Hata ile bima kubwa kwa kawaida haigharimii injini iliyokufa kwa hitilafu zake yenyewe. Hulipia ajali, wizi na moto. Gari likiungua, mjulishe wakala wa bima mara moja na usiliondoe bila idhini, kwa sababu kampuni hiyo itataka kuchunguza chanzo.

Sheria ya Kenya haikumtupa mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili azitumie vyema, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Madai yasiyozidi Sh1 milioni yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako si lazima uwe na wakili. Anza kwa barua ya adabu kwa muuzaji, ukitaja tarehe na ukiambatisha nakala. Barua yenye ushahidi hufika mbali kuliko makelele kwenye kaunta.

Na ukibadilishiwa injini, usisahau kwamba nambari ya injini imeandikwa kwenye hati ya umiliki. Sharti mabadiliko hayo yaandikishwe kwa NTSA, la sivyo siku ya kuliuza gari, au siku ya kusimamishwa na polisi, utatoa maelezo mengi.

MAZUNGUMZO YA MEZANI

Hili ni jarida la familia, na gari ni jambo la familia. Katika nyumba nyingi uamuzi wa kununua gari la mbio hufanywa na mtu mmoja, lakini injini inapokufa hasara hugawanywa kwa wote. Karo huchelewa, safari ya Krismasi kwenda mashambani huahirishwa, na mkopo wa benki hauulizi kama gari latembea au limelala gereji.

Kabla ya kutia sahihi, mume na mke wakae chini waulizane maswali matatu. Je, dhamana inakwisha lini, na mkopo unakwisha lini? Mkopo ukiizidi dhamana kwa miaka miwili, kwa muda huo hatari yote ni yenu. Je, injini ya gari hili ikihitajika, yapatikana hapa nchini au huagizwa ng'ambo, na kwa bei gani? Na je, tunayo akiba ya kuendesha maisha kwa miezi mitatu bila gari? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, gari hilo bado halijawa lenu, hata kama funguo mnazo mfukoni.

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, kisa cha GT3 kina upande mwingine wa kutia moyo. Waliogundua ile bolti walikuwa wahandisi waliokaa na mabaki yaliyoungua wakauliza swali moja hadi likajibika. Hawakubahatisha wala hawakumlaumu dereva. Fizikia na kemia ya vyuma unayoiona kavu darasani ndiyo iliyoyaokoa magari mengine 783 yasiteketee.

Tena, kampuni iliyokubali hasara ya kubadilisha injini 785 ilitambua jambo ambalo wauzaji wengi wa hapa kwetu bado hawajalitambua. Mteja husamehe chuma kikivunjika. Asichosamehe ni kufichwa na kuzungushwa. Ukienda kununua gari, usiulize tu lina nguvu za farasi ngapi. Muulize muuzaji atafanya nini siku farasi hao wakilala, na umwambie aliandike jibu hilo chini ya sahihi yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, vuta kile kijiti cha oili ukitazame.